Fundi wa panya: nyota 4 kati ya 5

Nilidhani atamwaga sumu asepe, kumbe jamaa kaanza kupiga magoti na tochi nyuma ya friji. Kanionyesha mavi, meusi yanang'aa bado laini, akasema haya ya juzijuzi tu, ya zamani yanakuwa makavu ukiyagusa na kijiti yanapukutika. Halafu ule mstari mweusi wa mafuta chini ya ukuta, mi kila wiki nasugua nalaumu watoto loh, kumbe ni manyoya yao wakipita palepale kila usiku! Katundu ka upana wa kalamu tu panya mdogo anapenya, kakaziba kwa stilwaya. Nyota moja nimekata, kachelewa masaa mawili na simu hapokei.