TAHADHARI: Mfuko wa hisa unaouzwa kwa jina la meneja

Ndugu zangu mlioko Uingereza mnaoweka akiba kwenye mifuko ya hisa, nisikilizeni kabla hamjanunua. Mwezi huu nimeulizwa mara tatu kuhusu mfuko fulani wa gawio (yaani unaonunua hisa za kampuni zinazowagawia wenye hisa sehemu ya faida), na kila anayeuliza anaupenda kwa sababu moja: eti meneja wake ni bingwa. Basi someni kwanza yaliyowafika waliomwamini Neil Woodford, meneja wa mifuko aliyesifika sana Uingereza.

Woodford hakuwa mbabaishaji. Alikaa kwenye kampuni ya mifuko ya Invesco Perpetual pale Henley-on-Thames kwa takriban miaka 25. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati kila mtu anakimbilia hisa za kampuni za intaneti, yeye aling'ang'ania tumbaku na biashara za kawaida. Bei za intaneti zilipoporomoka, wateja wake wakasalimika. Kabla ya msukosuko wa 2008 alikuwa ameshajitoa kwenye mabenki. Mwaka 2013 alipewa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Kwa rekodi hiyo hata mimi ningempa fedha zangu, na ndiyo maana kisa hiki kinanitia hofu kuliko visa vya matapeli wa simu.

Mwaka 2014 alifungua kampuni yake mjini Oxford. Mfuko wa Woodford Equity Income ulizinduliwa na pauni bilioni 1.6, na kufikia 2017 ulipita bilioni 10. Wengi waliamini wananunua kitu kile kile cha zamani: kampuni kubwa zinazolipa gawio, ambazo hisa zake huuzika saa yoyote. Kumbe ndani ya mfuko mambo yalikuwa yakibadilika. Kampuni changa za dawa na teknolojia ziliongezeka, nyingine hazikuwa kwenye soko lolote la hisa. Mojawapo, Industrial Heat ya Marekani, ilikuwa ikitafuta nishati ya nyuklia baridi (kuunganisha atomi bila joto kali), kitu ambacho wanasayansi wengi hawakikubali. Gawio la mstaafu lingetoka wapi hapo?

Hatari yenyewe iko hivi. Mwenye vipande, yaani sehemu yake ya mfuko, aliruhusiwa kuviuza siku yoyote ya kazi. Wakitoka wachache, wanalipwa. Wakitoka wengi, meneja anauza kwanza zile hisa zinazopata mnunuzi upesi, na waliobaki ndani wanazidi kuachiwa zisizouzika. Kanuni iliweka kikomo cha asilimia 10 kwa hisa zisizoorodheshwa, yaani zisizo kwenye soko lolote la hisa. Baadhi ya kampuni hizo zikaenda kuorodheshwa kwenye soko dogo la hisa la kisiwa cha Guernsey, zikahesabiwa zimeorodheshwa, ingawa wanunuzi walikuwa hawaonekani.

Halmashauri ya Kent ilipotaka kutoa fedha za pensheni za wafanyakazi wake, zaidi ya pauni milioni 200, mfuko haukuhimili. Tarehe 3 Juni 2019 ulifungwa. Watu wapatao 300,000 hawakuweza kutoa hata senti, na ada ya usimamizi ikaendelea kukatwa. Oktoba wakatangaziwa kwamba mfuko unavunjwa. Na hadi ulipofungwa, Hargreaves Lansdown, wauzaji wakubwa wa mifuko nchini humo, walikuwa bado wameuweka kwenye orodha ya mifuko wanayoipendekeza.

Mwaka 2025 mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha, FCA, ilitangaza uamuzi wa kumtoza Woodford faini ya karibu pauni milioni 5.9 na kumzuia kusimamia mifuko ya wawekezaji wa kawaida. Inasema siku ya kufungwa ni asilimia 8 tu ya mali za mfuko ambazo zingeuzika ndani ya siku saba. Yeye alipinga, akaenda kwenye baraza la rufaa. Waliopoteza walipangiwa fidia ya hadi pauni milioni 230, mpango uliopitishwa na mahakama 2024, na haukufidia hasara yote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiniulize meneja ni nani. Fungua ripoti ya mfuko, tazama hisa kumi kubwa, halafu tafuta ni kiasi gani kiko kwenye kampuni ndogo au zisizoorodheshwa. Linganisha na ripoti ya miaka miwili nyuma. Ukikuta mfuko umegeuka, au ukubwa wake unapungua mwezi hadi mwezi kwa sababu watu wanatoka, usisubiri barua ya meneja ya kukutuliza. Waliouza vipande vyao Mei 2019 walilipwa. Na kama ripoti inakushinda, niletee tuisome pamoja kabla hujatuma fedha.