Nimemlipa fundi simu wa Mwanga 3,000 anikinge na matapeli, ilivyokuwa ndo hivi

Mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, kwahiyo ule ushauri wa "usipokee namba usiyoijua" kwangu haufai kabisa. Wateja wangu wote walianza kama namba nisiyoijua, mtu yuko Dar au Morogoro kapewa namba yangu na mwenzie anataka gunia mbili, nisipopokea anampigia jirani yangu wa meza ya pili na huyo hanirudishii mteja ng'o. Matapeli nao wanalijua hilo. Juzijuzi kanipigia kaka mmoja sauti ya taratibu, kaulizia dagaa wa kichanja, kaulizia wa mchanga, kapunguziwa bei kafurahi, baada ya muda meseji ikaingia nimepokea 185,000, alafu akapiga tena "dada samahani nimezidisha, nirudishie 100,000". Nikarudisha. Kuja kuangalia salio, ni lile lile la asubuhi toa laki na makato yake. Ile meseji ilitoka namba ya kawaida tu kama ya shangazi yako, mimi nilisoma tarakimu sikusoma ilikotoka.

Ndo nikapanda Mwanga kwa huyu fundi, kibanda kidogo tu, benchi moja, nyimbo juu. Cha kwanza hakushika hata simu, aliniuliza "mama, pesa ikiingia unaangalia wapi?" nikasema kwenye meseji, akacheka. Akanifundisha nifungue menyu niangalie salio kwanza, na mtu akisema kakosea basi apige huduma kwa wateja wa mtandao wake waurudishe muamala wenyewe, mimi sigusi. Na kwamba mtandao ukinipigia unatumia namba 100, siyo hizi za 07 na 06 zinazojiita "makao makuu".

Alafu akaniwekea Truecaller, ile apu ya Sweden. Inasaidia, simu inaita unaona nyekundu kwamba watu wameshairipoti, ila lazima data iwe on na ya bure ina matangazo. Ila msiiamini kama kitambulisho jamani, yale majina yanatokana na watumiaji, hakuna NIDA (kitambulisho cha taifa) pale. Nilijitafuta nikajikuta naitwa "Mama Dagaa Mwisho Wa Reli", nani kaniandika sijui, nimelipenda. Tapeli naye anaweza kujiita mchungaji. Jina la kuangalia ni lile linalokuja unapotuma hela kabla hujaweka namba ya siri, na hata hilo nalo laini inaweza ikawa imesajiliwa kwa mtu mwingine asiye na habari. Hapo ndo akanipigisha *106# nione laini zilizosajiliwa kwa NIDA yangu, moyo unadunda, nashukuru zote zilikuwa zangu pamoja na moja niliyoitupa zamani.

Kilichonitisha zaidi ni cha kudivati simu. Anakupigia mtu anakwambia bonyeza *21* alafu namba fulani alafu #, ukibonyeza tu simu zako zinaanza kuingia kwake, zikiwemo zile za kusomewa code ya kuthibitisha WhatsApp. Akanionyesha *#21# ya kuangalia na ##002# ya kufuta zote, nimeziandika nyuma ya daftari la madeni. WhatsApp akanisaidia kuweka PIN ya tarakimu 6, na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa nazifowadi 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakuomba na namba ya aliyetuma.

Nilichomtoa nyota: anataka watu waache simu na patani (ule mchoro wa kufungulia simu) wafuate jioni. Wewe unanikinga na matapeli alafu unaniomba patani? Nikakaa benchini masaa mawili mpaka kamaliza, PIN nikaweka mwenyewe nimempa mgongo. Na bando ni lako, hana WiFi.

4 kati ya 5. Nenda asubuhi, mchana benchi linajaa vijana wa kubadilisha vioo na hapo hana muda wa kukuelekeza, anabonyezabonyeza tu anakurudishia simu.