Programu ya kalenda ya Kihindu iliyoniambia nifungue mfungo saa 10 usiku

Nyota moja. Ingekuwepo sifuri ningeibonyeza, na nisirudi nyuma.

Sitaji jina lake. Zipo nyingi za aina hii, na ukifungua yoyote Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, anakupokea mlangoni. Nimeilipia mwaka mzima kwa kazi moja tu: inikumbushe Ekadashi, tithi (siku ya hesabu ya mwezi) ya 11 mwezi unapokua na ya 11 unapopungua, siku ambayo nafaka na kunde hazigusi meno. Juu ya ukurasa imeandikwa Dar es Salaam kwa herufi za kutosha kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Na mwezi wenyewe ni Chaitra, Machi kuingia Aprili, ambao sikukuu zake zimebanana kama abiria wa daladala: Navratri inaanza tithi ya kwanza ya mwezi unaokua, Ram Navami ya 9, Kamada Ekadashi ya 11, Hanuman Jayanti mwezi ukipevuka. Ukiteleza siku moja hapa umeteleza kweli.

Arifa ya Kamada ikaja: funga Jumanne, fungua Jumatano kati ya saa 10 na saa 10 na nusu usiku.

Usiku! Ekadashi haifunguliwi kabla ya jua kuchomoza, hata mtoto wa nyumba ya Kigujarati anayesema "agiyaras" (Ekadashi kwa Kigujarati) bado hajui kuiandika analijua hilo. Majira haya jua la Dar linatoka saa 12 na dakika 25 hivi. Hiyo saa 10 ya usiku imetoka wapi? Imetoka Mumbai. Saa 10 usiku kwetu, kwao ni saa 12 na nusu asubuhi, jua ndiyo linachomoza. Kumbe jina Dar es Salaam pale juu linabadilisha saa ya ukutani tu. Orodha ya siku za kufunga imepikwa India, ikapozwa, ikaletwa huku na kupunguzwa saa mbili na nusu.

Na siku yenyewe, Jumanne, nayo si yetu. Nitaweka tarakimu za mviringo ili hesabu ionekane. Tithi ni muda ambao mwezi unautumia kujitenga na jua kwa nyuzi 12, na tithi 30 ndizo mwezi mmoja. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo tithi moja inaweza kuwa na saa 19 hivi na nyingine ikapita 26. Siku inachukua jina la tithi itakayokutwa na jua la asubuhi, pale ulipo wewe. Chukua Ekadashi iliyoanza Jumatatu saa 1 asubuhi ya Mumbai. Jua lao lilishatoka saa 12 na nusu likakuta tithi ya 10, basi Jumatatu yao si Ekadashi, wanafunga Jumanne. Lakini dakika hiyohiyo Dar ni saa 10 na nusu usiku. Jua letu linapotoka, Ekadashi ina karibu saa mbili tangu iingie. Sisi tunafunga Jumatatu. Kwa wafuasi wa mungu Vishnu sharti ni gumu zaidi, tithi ya 10 iwe imekwisha dakika 96 kabla ya jua, yaani kwa Dar saa 11 kasoro dakika 11. Hata hapo tumepita salama.

Kosa hili la siku hutokea tu tithi inapoanza ndani ya hilo dirisha la kati ya macheo ya Mumbai na macheo yetu. Ndiyo maana miezi inapita siku za kufunga zinalingana, unaiamini, halafu inakuangusha katika mwezi mkubwa.

Hesabu ya kufungua ndiyo mbaya zaidi. Sheria inataka ufungue jua likiwa limetoka, Dvadashi, tithi ya 12, ikiwa bado ipo, na robo yake ya kwanza ikiwa imepita. Kwa mfano wetu, tuseme kila tithi ina saa 24, aliyefunga Jumatatu anafungua Jumanne baada ya saa 4 na nusu asubuhi. Anayefuata arifa, Jumatano, akisubiri jua kama mtu mwenye akili, anakuta Dvadashi imekwisha saa 10 na nusu usiku. Akifungua ndani ya muda aliopewa, anakula gizani. Kila mlango umefungwa!

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa upole, na picha za skrini mbili zilizopangwa pamoja. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Tithi ni moja duniani kote, tafadhali rekebisha saa ya simu yako." Bila salamu, bila ndugu mteja. Na kinachochoma ni kwamba nusu ya kwanza ni kweli. Tithi ni moja, inaanza dakika ileile Dar, Leicester na Toronto. Jua ndilo si moja. Ndugu zetu Waislamu wanaobishana kila mwaka kama wafuate mwandamo wa Saudia au wa hapa nyumbani hawahitaji kuelezwa tofauti hii. Mtu anayeuza kalenda ya jua na mwezi anahitaji?

Nikarudia kuwaandikia. Kimya hadi leo.

Tukiwa bado kwenye hasira: majina ya miezi. Imewekwa kwa mtindo wa kaskazini mwa India, ambako mwezi unaishia mwezi mpevu. Wagujarati, na ndio wengi huku pwani, mwezi wao unaishia mwezi unapofichika. Matokeo yake wiki mbili za giza kabla ya Navratri programu inaziita Chaitra, wakati kalenda ya bibi jikoni inaziita Fagan. Siku ni ileile, Papmochani, Ekadashi ya wiki hizo, ni ileile, ila ukimwambia mama mkwe "Chaitra imeingia" atakutazama vibaya. Kitufe cha kubadilisha kipo, kimezikwa ndani ya menyu tatu. Mwaka nao unasogezwa mbele siku Navratri ya Chaitra inapoanza, wakati kwa Mgujarati unasogea kesho yake baada ya Diwali.

Mapishi yao ya siku ya mfungo yapuuzeni. Eti sabudana, zile punje nyeupe za wanga, kikombe kimoja, maji vikombe viwili, usiku kucha. Hiyo ni gundi ya kubandikia bahasha. Osha mpaka maji yatoke safi, weka maji robo tatu ya kikombe, saa nne mpaka sita, kisha bonyeza punje: ikipondeka kati ya vidole, tayari. Karanga za kukaanga na kutwangwa nusu kikombe zinyonye unyevu, kiazi, bizari nyembamba, pilipili mbichi, chumvi ya mawe, ndimu mwishoni. (Sabudana ya India ni wanga wa muhogo, kwa hiyo wanaotushangaa kula punje za kigeni wanakula mjomba wake kila siku.)

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Ukiacha orodha ya sikukuu na kufungua ukurasa wa kila siku, hesabu ni safi. Macheo ya Dar, machweo, tithi inaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, vyote sahihi. Jumatatu ile ukurasa huo uliandika Ekadashi waziwazi, huku arifa ya programu hiyohiyo ikisema kesho. Ram Navami, inayohesabiwa kwa adhuhuri, ambayo ni fungu la tatu ukigawa mchana mafungu matano, waliipatia: saa 5 na dakika 13 hadi saa 7 na dakika 37, karibu sawa na nilivyoipata kwa kalamu. Ukihamisha mahali kwenda Nairobi, muda unasogea dakika kama 10, inavyopaswa. Wanaoandika 26:15 kumaanisha saa 8 na robo usiku nao wako sawa, maana siku haijaisha mpaka jua litoke; usidhani ni kosa kama nilivyodhani mwanzoni.

Na kalenda za karatasi zinazogawiwa bure madukani Kisutu? Nyingi zimechapwa kwa jua la Gujarat. Zina kosa lilelile, na hazina ukurasa wa pili wa kuzisahihisha.

Basi, nimerudi nyuma: nyota mbili. Tatu, ukijua kusoma macheo na kutoa dakika 96 mwenyewe, lakini ukijua hivyo unalipia nini? Nimezima arifa zote na ukurasa wa kila siku naufungua kila jioni. Yule aliyenijibu mstari mmoja anarudisha nyota moja chini. Mbili.