Pikipiki ya kwanza: nilivyozipanga mimi

Mara ya kwanza kuanguka na pikipiki nilikuwa nimesimama. Kituo cha mafuta, mbele ya watu. Nilinunua ndefu, ya safari za porini, kwa kuwa ilinipendeza. Nikashusha mguu wa kushoto, chini kulikuwa na kishimo, unyayo ukakosa pa kutua, chombo kikanilalia. Mhudumu alinisaidia kuinyanyua huku amebana kicheko.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze na ipi, nami namuuliza: ukikaa juu yake, nyayo zote mbili zinafika chini? Mwanagenzi huangusha pikipiki akisimama, akigeuza au akiondoka mlimani. Kwa hiyo nimezipanga kwa wepesi wa kuzimudu hapo, kisha upatikanaji wa spea.

1. TVS HLX 125 au Boxer 125. Hapa sina mjadala. Ni fupi, uzito kama kilo 120, na ukiachia klachi vibaya inazima tu badala ya kukurusha. Mafuta inakunywa kidogo, na fundi wa kijiweni anaifungua amefumba macho. Wenzako watakuambia 125 utaichoka baada ya miezi mitatu. Ukiichoka, iuze, wanunuzi hawakosekani.

2. Boxer 150 au HLX 150. Kwa anayeishi kwenye milima, au atakayebeba mtu kila siku, anzia hapa. Inavuta vizuri zaidi, ila usipakize mtu kabla hujaizoea. Abiria akijitikisa nyuma wakati unakata kona polepole, usukani unakuwa mwingine kabisa.

3. Skuta. Haina klachi wala gia za kukanyaga, na kwenye foleni za Dar es Salaam unajisikia mfalme. Shida ni tairi ndogo: makorongo ya barabara ya vumbi yanazimeza. Kwa wa lami tu, ningeipandisha hadi namba mbili.

4. Za Kichina zenye injini ya CG. Asili yake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo valvu zake husukumwa na vijiti, haina cheni ya taimingi. Iliundwa ikifikiriwa waendeshaji wasiobadilisha oili kwa wakati, nasi ndio hao. Bei yake ndiyo inayovutia. Injini hainipi wasiwasi. Kagua swichi, nyaya za taa na boliti.

5. Ndefu za porini, kama Honda XL 125 na Yamaha DT 125. Nzuri mno kwa matope, mbaya kwa miguu mifupi. DT ina injini ya kuchanganya mafuta na oili, kazi nyingine ya kujifunza. Subiri mwaka.

Za mashindano, zile za kulalia tangi, hazimo humu.

Kwa mtumba, ogopa iliyotoka kwenye mkataba wa bodaboda. Imelala barabarani mwaka mzima ikitafuta hesabu ya tajiri, mchana dereva huyu, usiku yule. Rangi mpya na siti mpya zisikudanganye. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi: ikinyanyuka na kuacha meno wazi, imekwisha. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu. Ukikwama katikati, beringi zimelika. Kisha shika injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameitangulia kuiwasha, na huenda asubuhi inagoma. Mwambie utarudi ikishapoa.

Kadi iwe halisi, jina lilingane na la anayekuuzia, na namba ya chesesi usome mwenyewe pale shingoni mwa usukani. Akikuambia "kadi iko kwa ndugu yangu", mshukuru uondoke.

Uliza pia mpangilio wa gia. Kuna zinazokanyagwa zote mbele, na kuna ambazo namba moja iko chini, zinazofuata unanyanyua. Ukizichanganya kwenye mteremko utajuta.

Na usimalize pesa zote kwenye chombo. Tenga za leseni ya pikipiki, bima, na helmeti inayobana mashavu. Ile ya bure wanayokupa dukani ikicheza kichwani, mpe mtoto achezee.