Udvar-Hazy: Makumbusho ya Kutengewa Siku Nzima

Mwalimu anayepanga ziara ya wanafunzi katika makumbusho ya ndege na vyombo vya anga ya Udvar-Hazy, huko Chantilly, Virginia, nchini Marekani, namshauri atenge siku nzima, kwani kiingilio ni bure na vilivyomo haviishi kwa saa mbili. Cha kwanza kionwe Discovery, chombo kilichobeba wanaanga hadi anga za juu mara 39 kati ya 1984 na 2011. Vigae vyake vya kukinga joto vingali na madoa ya safari hizo, na mtoto akiyaona huelewa ukali wa kurejea duniani kuliko kwa mchoro wa ubaoni. Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, nayo imo. Mwishoni, wapande mnara wa makumbusho kutazama ndege zikitua katika uwanja jirani wa Dulles.