Birika la kahawa kutoka Gerezani: nyota 12 na mdomo wa zamani

Umeme ulikatika Jumamosi saa mbili usiku, mashine ya kunyolea ikafia katikati ya kichwa cha mteja. Tukatoka nje kusubiri. Birika nilikuwa nimeliacha kibarazani tangu magharibi, mkaa umeshakolea, na katika giza lile jiko lake likaonekana limevaa nyota: nyekundu, 12, zimekizunguka kiuno chake kama shanga. Mteja, nusu kanyolewa, akachuchumaa mbele yake akaniuliza nimelinunua wapi. Nikamwambia nitaandika, maana maelezo ni marefu na mahali penyewe hapana kibao.

Nilichonunua ni birika la kahawa la kutembeza, lile ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam amepishana nalo barabarani bila kuligeukia. Chini jiko dogo la bati lenye miguu mitatu, juu yake birika la alminiamu lililochongoka kuelekea shingoni, mdomo umepinda kama shingo ya bata, na mpini mmoja unaobeba vyote viwili, moto na kahawa, bila kumwaga. Sisi tunaliita birika. Zanzibar na Mombasa utasikia dele. Nimelipa shilingi 65,000 kwa birika na jiko lake. Yaliyokwisha tengenezwa na kutundikwa yanaanzia 40,000, ila mimi nilitaka la kuagiza.

Sababu yangu ni hii. Baba aliuza kahawa ya kutembeza kwa miaka mingi hapa Magomeni, Mapipa, Mikumi mpaka Kagera, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye vikombe vile. Alipofariki, birika lake likawekwa uvunguni mwa kitanda cha mama. Mwaka jana nilipolitoa nilikuta kitako kimetoboka na jiko limeliwa na kutu, likishikwa linamong'onyoka. Mdomo tu ndio uliokuwa mzima. Nikaufunga kwenye gazeti nikaenda nao, pamoja na kipande cha jiko kilichobaki, nikijua kwamba pengine fundi atasema ni takataka.

Kufika ni rahisi. Kutoka Magomeni Mapipa panda mwendokasi wa Gerezani, shuka mwisho, halafu fuata masikio. Ukisikia nyundo zinagonga bila kupokezana, umefika. Usiulize jina la duka, uliza mafundi bati wanaotengeneza mabirika. Wangu anakaa chini, kwenye godoro la gari lililokunjwa, mbele ya kipande cha reli kilichochimbiwa ardhini. Hicho ndicho fuawe lake. Mgongo wa reli ile umelika na kung'aa kwa nyundo, na upande mmoja una bonde dogo ambalo halikutengenezwa na mtu yeyote kwa makusudi. Limechimbika lenyewe kwa kukunjia mishono mahali palepale, siku baada ya siku. Nilipoamkia shikamoo aliitika marahaba bila kuinua kichwa, akasogeza kopo nikalie.

Nikafungua gazeti. Aliuchukua mdomo kwanza, akapuliza ndani, akauziba kwa kidole gumba na kupuliza tena. "Huu hautupwi, mwanangu." Kisha akakishika kile kipande cha jiko chenye kutu, akakigeuza kuelekea jua, akayahesabu meno ya tundu moja. Akasema, "Hili ni la mwalimu wangu. Manne. Yeye alikuwa anakata manne."

Hapo naomba nieleze polepole, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikae pale mpaka alasiri badala ya kuacha hela na kurudi saluni.

Jiko la birika lazima lipumue. Matundu yakizidi, mkaa unakwisha kabla muuzaji hajafika kona ya pili. Yakipungua, unazimika akiwa mbele ya mteja. Tundu la kawaida la msumari lingetosha kwa kazi hiyo, na kwenye yale mabirika ya 40,000 ndilo utakaloliona. Lakini fundi huyu hachomi msumari. Anachukua tindo nyembamba, upana wake kama ukucha wa kidole kidogo, anakata mstari mmoja mfupi, anauzungusha mkono kidogo na kukata wa pili juu yake, kisha wa tatu. Mistari mitatu imepita kwenye kitovu kimoja, hakuna bati lililotoka. Halafu analigeuza bati, anaweka ncha ya chuma nene pale kitovuni kwa upande wa ndani, anagonga mara moja. Meno sita yanafunguka kwa nje kwa pamoja. Tundu limepatikana, na nyota imepatikana, kwa pigo lilelile. Meno yale yakiwa yamechomoza nje, upepo wa barabarani haupigi moja kwa moja kwenye makaa, na majivu hayaporomoki kwenye miguu ya mtu. Aliyemfundisha alikata mistari miwili, akapata meno manne. Jirani yake hatua tano kutoka pale anakata manane. Hakuna anayeandika jina lake juu ya birika, lakini wote wanajuana kwa meno.

Mimi nimekua na birika lile. Nimelala chumba kimoja nalo. Nimelisugua kwa mchanga na ndimu kila Ijumaa asubuhi. Nilidhani yale ni matundu.

Kuanzia siku ile nikitembea mjini nachelewa kufika. Mimi ni kinyozi, jicho langu limezoea mstari: nikikuona, kabla ya sura yako nimeona kama aliyekunyoa alikaza mkono au alitetereka. Sasa naitazama hivyo mitaa yenyewe. Kibao cha saluni yangu, vichwa sita vilivyochorwa kwa brashi na kijana aliyepita na makopo yake ya rangi, kila kichwa kina kola ya shati ya rangi tofauti, na hakuna niliyemwagiza achore kola. Muuza machungwa pale kituoni anamenya kwa wembe mmoja bila kukata ganda, kisha anayapanga matano matano, manne chini na moja juu, vilele vyote vimeelekea barabarani. Hayo yamefanywa na watu wenye haraka ya kutafuta riziki, na bado mkono umeongeza kitu ambacho hakikulipiwa. Wale wanaosema Dar haina sanaa mpaka uende kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, nawaomba wapite Gerezani kwanza. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza kuchora hapa mjini mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akawa anauza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Rangi ya baiskeli! Vitu vya duka la vifaa, vilevile kama tindo na bati.

Turudi kwenye bidhaa.

Bati la jiko limetoka kwenye pipa lililopasuliwa na kunyooshwa, na ni zito kuliko bati jipya la geji 30 linalotumika kwenye mengi yanayotundikwa. Nilimwomba asiifute rangi ya zamani kwa ndani, naye akakubali. Ukiligeuza jiko langu utaona kitakoni herufi tatu nyekundu zilizokatwa nusu, zilizobaki kutoka pipa lilipokuwa pipa. Moto utazila taratibu, najua, lakini kwa sasa zipo. Napenda kuona kitu kilikotoka. Debe tunalopimia mahindi lilikuja likiwa kopo la mafuta ya taa, galoni 4, kama lita 18 hivi. Mafuta yakaisha, kopo likawa ndoo, likawa kipimo, likaingia mpaka kwenye methali. Birika langu ni ndugu wa debe.

Birika lenyewe la juu amelitengeneza kwa alminiamu, na hapa ndipo ninapowasihi wanunuzi wawe makini. Yapo mabirika ya bati yaliyozibwa mishono kwa lehemu kwa ndani. Lehemu nyingi za mtaani zina risasi, na kahawa ya tangawizi inayochemka saa nzima haifai kukaa juu ya risasi. Wangu hakutumia lehemu kabisa. Amekunja ukingo juu ya ukingo, akakunja tena, akaugonga ule mshono juu ya lile bonde la reli mpaka ukawa kama uzi. Mdomo wa baba ameufunga kwa ribiti nne. Umekolea rangi kuliko mwili wote, wa kijivu cha zamani juu ya alminiamu mpya inayometa, na sikutaka ausugue ufanane.

Kasoro zipo na nitazisema. La kwanza, lilivuja. Siku mbili za mwanzo lilikuwa linadondosha pale mdomo ulipoungana na mwili, tone moja moja, linaanguka kwenye mkaa na kutoa moshi wenye harufu ya kahawa iliyoungua. Nikarudi nalo. Akazigonga ribiti upya, akaniambia nichemshe maji ya unga wa ngano mepesi ndani yake kabla ya kulitumia, niyaache yapoe humohumo. Nikafanya. Tangu hapo halijadondosha tone, lakini mtu anayetoka mbali, tuseme Mbagala au Bunju, ile nauli ya kurudi itamuuma. Lijazeni maji palepale kabla ya kulipa, mtazame kwa muda wa kunywa soda. Mimi sikufanya hivyo.

La pili ni mpini. Alikuwa ameuacha chuma kitupu, na baada ya nusu saa ya moto haushikiki bila kitambaa. Nilipolalamika alichukua kipande cha mpini wa jembe, akakitoboa kwa msumari wa moto, akakivika. Kazi nzuri, imekaa mkononi kama imezaliwa pale, ila ilipaswa kuwepo tangu mwanzo bila mteja kuomba. Na aliahidi Jumanne, nikalipata Ijumaa.

Kwa upande wa kazi sina la kulalamika. Vipande vitano vya mkaa vya ukubwa wa yai vinaniweka kutoka magharibi hadi saa tatu usiku. Kahawa haichemki ikafurika wala haipoi. Inakaa pale inapotakiwa, na kila baada ya muda tangawizi inazidi kushika, kwa hiyo kikombe cha mwisho ni kikali kuliko cha kwanza, jambo ambalo wazee wa kwenye bao hapa jirani wameligundua na sasa wanakuja kwa kuchelewa. Chupa ya chai ya dukani inatunza joto, sibishi. Lakini kahawa yake inalala. Hii iko macho.

Vikombe nilinunua mwenyewe Kariakoo, vidogo vya udongo mweupe visivyo na mkono, shilingi 1,000 kimoja. Nendeni na subira, msinunue kwa macho. Baba alikuwa anachagua vikombe kwa kuvigonga viwili viwili karibu na sikio, na muuzaji anakasirika, na baba hajali. Muuza kahawa hapigi kelele ya kuita wateja; vikombe ndivyo vinavyoita. Viwili kwenye kiganja kimoja, kidole cha kati katikati yao, unafungua na kufunga: ka-ka, ka-ka-ka. Watu wa Mikumi walimjua baba kabla hajaikata kona. Vikombe vyenye ufa usioonekana vinatoa sauti ya kuziba. Niligonga karibu 30 nikapata 8.

Kwa bei ile, kwa kazi ile, nalipa alama tisa kwa kumi, ile moja nimeikata kwa ajili ya kuvuja na siku tatu za kungoja. Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijafika pale alipokaa, kwa sababu adhuhuri anahamia upande wa pili wa ukuta na utampita. Usibishane sana bei ya nyota. Yeye mwenyewe haziweki kwenye hesabu. Niliuliza, akasema tundu ni tundu. Mimi niliongeza 5,000 nikamwambia ni za matundu, akazipokea kwa mikono miwili.

Jumapili nililipeleka birika kwa mama. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nilimmiminia bila kusema kitu, na kabla hajashika kikombe akainua kichwa. Mdomo ule unapomimina hutoa mlio kidogo mwishoni, kama mtu anayevuta pumzi, pale ninapoinua mkono kukata. Akaniuliza, "Umeutoa uvunguni?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akaomba nilisogeze karibu na miguu yake.