Zotero kwa muuguzi anayeandika makala ya jarida: tathmini baada ya miswada miwili

Mimi ni muuguzi mkunga katika kisiwa cha Pemba. Mwaka juzi mimi na wenzangu wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa Unguja, tulimaliza utafiti mdogo wa mahojiano na akina mama kuhusu sababu zinazowachelewesha kuanza kliniki ya wajawazito. Kibali cha maadili tulikipata, mahojiano tuliyafanya kwa subira majumbani na vituoni, na uchambuzi tuliurudia mara tatu. Mswada tulioupeleka katika jarida moja la uuguzi la nje ulirudi ndani ya wiki mbili bila ya kufika kwa wapitiaji, wale wataalamu wanaousoma na kuupima kabla ya kuchapishwa. Barua ya mhariri ilikuwa fupi na ya adabu: marejeo hayakufuata mtindo wa jarida, matatu yaliyotajwa ndani ya maandishi hayakuwamo katika orodha ya mwisho, na mawili yaliyomo katika orodha hayakutajwa popote. Juu ya akina mama wale na waliyotueleza hakusema neno, kwa sababu hakufika huko. Barua ile ndiyo iliyonifanya nijifunze Zotero, na tangu wakati huo nimeandika nayo miswada miwili, kuanzia sentensi ya kwanza hadi siku ya kuwasilisha.

Zotero ni programu ya kukusanya, kupanga na kuandika marejeo. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia nchini Marekani, na hadi leo haiuzwi: mtu huipakua bure, iwe kompyuta yake ni ya Windows, Mac au Linux. Kwetu sisi bei si jambo dogo, lakini lililonivutia zaidi ni kwamba maktaba yote hukaa ndani ya kompyuta yenyewe. Intaneti ikikatika, au bando likiisha katikati ya usiku wa zamu, makala ulizozihifadhi zinasomeka, orodha inatafutika, na kazi ya kuandika inaendelea. Mtandao unauhitaji tu wakati wa kuingiza makala mpya au kuoanisha maktaba na nakala iliyo kwenye seva.

Kuingiza makala ni kazi nyepesi. Unaandika namba ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni, au namba ya makala katika PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, au ISBN ikiwa ni kitabu, na programu inakwenda kuleta majina ya waandishi, kichwa, jarida, mwaka, juzuu na kurasa. Ukiwa na kiongezi chake (Zotero Connector) ndani ya kivinjari, unabonyeza mara moja ukiwa kwenye ukurasa wa makala na taarifa zinaingia pamoja na faili lenyewe pale linapopatikana bure. Nimeona pia faida nyingine ambayo kwa sasa ina uzito mkubwa: mwenzio akikuletea marejeo aliyopewa na programu za akili bandia, ziingize namba zile za DOI moja moja. Ikiwa namba haileti kitu, au inaleta makala ya jambo jingine kabisa, unajua mapema kwamba marejeo hayo yanahitaji kutafutwa upya kabla ya kuaminiwa.

Pahala ambapo mwandishi wa Zanzibar anapaswa kukaa kitako ni kwenye majina. Zotero ina visanduku viwili kwa kila mwandishi, kimoja cha jina la ukoo na kimoja cha majina yaliyobaki, kwa sababu mitindo mingi ya marejeo imejengwa juu ya desturi ya watu wenye majina ya ukoo. Sisi wengi wetu hatuna ukoo wa namna hiyo kwenye vyeti. Mtu huitwa kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Yakipangwa kwa desturi ya wenzetu, babu ndiye anayesimama mbele katika orodha, na mtafiti aliyefanya kazi anabaki herufi moja yenye nukta. Baya zaidi ni pale mtu yule yule anapochapisha mara kwa jina la babu, mara kwa jina la baba, na mara kwa herufi za mwanzo tu. Ukitumia mtindo wa APA, ule wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, sheria inasema waandishi wawili tofauti wenye jina moja la mwisho watofautishwe kwa herufi za mwanzo ndani ya maandishi. Basi programu, ikikuta jina limeandikwa kamili mahali pamoja na kwa herufi mahali pengine, inamhesabu mtu mmoja kuwa wawili na inaanza kuweka herufi zisizohitajika. Kosa hapo liko katika taarifa zilizoingizwa, na dawa yake ni kupitia maktaba nzima kwa jicho, kuyasawazisha majina ya mtu mmoja yawe na sura moja. Kwa jina lako mwenyewe, amua tangu makala ya kwanza utajulikana vipi, ulishike hilo maisha yako yote ya uandishi, na ujisajili ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ambayo majarida mengi sasa huiomba wakati wa kuwasilisha.

Vivyo hivyo kwa taasisi. Sisi hutegemea sana ripoti za serikali, na ripoti ya Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ina waandishi watano, wote taasisi: wizara mbili za afya, ya Bara na ya Zanzibar, ofisi mbili za takwimu, ile ya Taifa na ile ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali wa Zanzibar, pamoja na ICF, kampuni ya Marekani. Jina la wizara likiingizwa katika visanduku viwili, neno «Zanzibar» hugeuzwa ukoo na «Wizara ya Afya» hukatwakatwa kuwa herufi. Kando ya visanduku kuna kitufe kidogo cha kuviunganisha kuwa kimoja. Kibonyeze kwa kila taasisi, na jina litatoka zima. Kwa machapisho ya Kiswahili, jaza pia sehemu ya lugha. Usipofanya hivyo, mitindo inayotaka herufi kubwa katika vichwa vya Kiingereza huweza kukipandishia herufi kubwa kichwa cha Kiswahili neno kwa neno, jambo ambalo halisomeki vizuri hata kidogo.

Ndani ya Word, Zotero huongeza safu yake ya vitufe, na hapo ndipo nilipojutia miaka niliyopoteza. Kila unapotaja chanzo, orodha ya mwisho hujiandika yenyewe, na kila unapofuta, hujipunguza. Tatizo lililoturudishia mswada wetu wa kwanza haliwezi kutokea madhali kila rejeo limewekwa kwa vitufe hivyo. Majarida ya uuguzi hayakubaliani juu ya mtindo: mengi hutaka APA, yenye jina na mwaka, na mengine hutaka Vancouver, yenye namba zinazofuata mpangilio wa kutajwa, ambapo rejeo moja likiongezwa katika utangulizi namba zote za chini yake husogea. Mswada wetu ulipohama kutoka jarida la APA kwenda la Vancouver, kubadili marejeo 41 kulichukua dakika chache, nami najua kwa mkono wangu kwamba zamani kazi hiyo ilikula siku tatu. Tahadhari ni moja: usirekebishe rejeo kwa kuandika juu yake ndani ya Word, kwani Zotero itakapoliandika upya sahihisho lako linaweza kufutika. Rekebisha ndani ya maktaba.

Tangu mwaka 2019 Zotero hulinganisha pia makala zako na kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa baada ya kuchapishwa, na makala ya namna hiyo huwekewa onyo jekundu. Muuguzi wa chanjo anaelewa thamani ya onyo hilo: makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilibatilishwa mwaka 2010, na bado watu huikuta ikitembea.

Nafasi ya bure kwenye seva ni megabaiti 300, nayo hujaa upesi ukihifadhi makala nzima. Taarifa za marejeo zenyewe hazihesabiwi, kwa hiyo sisi tumezima uoanishaji wa mafaili na kuacha taarifa tu. Maktaba ya kikundi ndiyo iliyotuunganisha: mwenzetu wa Unguja anaingiza makala mchana, nami wa Pemba naikuta jioni pamoja na maelezo yake, bila ya kutumiana mafaili kwa barua pepe mpaka hakuna ajuaye lipi ndilo la mwisho.

Programu haisomi kwa niaba yako. Haijui kama makala uliyoitaja inasema kweli ulichodai, wala haitofautishi jarida la heshima na lile linalokula ada za watu bila ya mapitio, kwa kuwa yote mawili yanaweza kuwa na DOI. Orodha ya COREQ yenye vipengele 32 vya kueleza utafiti ulivyofanywa, ambayo majarida mengi hutaka kwa utafiti wa mahojiano, utaijaza kwa mkono wako, na makubaliano ya nani ni mwandishi na nani anastahili shukrani tu mtayafanya ninyi, mapema, kabla ya neno la kwanza kuandikwa.

Siku ya kuwasilisha, hifadhi kwanza mswada wako ulio hai, kisha tengeneza nakala yake na ndani ya nakala hiyo ubonyeze kitufe kinachokata uhusiano na Zotero, ili marejeo yawe maandishi ya kawaida yasiyoharibika yakifunguliwa kwenye mfumo wa jarida. Ikiwa mapitio ni ya siri pande zote, yaani mwandishi na mpitiaji hawajuani, ondoa jina lako katika sifa za faili la Word pia, na uweke majina katika ukurasa wa kichwa ulio peke yake. Mswada wetu wa pili tuliupeleka kwa njia hiyo, ukafika kwa wapitiaji wawili. Walituuliza maswali 11: juu ya namna tulivyowachagua akina mama, juu ya nani aliyeyatafsiri maneno yao ya Kipemba, na juu ya mume aliyekuwapo nyumbani wakati wa mahojiano. Juu ya marejeo hawakuuliza hata moja.